Vijana Wanaonunua Jua

Agosti 2007, Clare Oliver wa Melbourne, Australia, alitimiza miaka 26. Alikuwa ameiomba sana siku hiyo aifikie, maana melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari kuliko nyingi, ilikwisha kumwenea mwilini. Wiki chache baadaye alifariki. Siku zake za mwisho alizitumia kuzungumza na magazeti na televisheni kuhusu jambo alilolifanya akiwa na miaka 19: alilipia vipindi kama kumi vya kulala kwenye kitanda cha taa za mionzi ili apate rangi ya kahawia, kama ya mtu aliyetoka likizo.

Hakuna daktari awezaye kuapa kwamba vipindi vile pekee ndivyo vilivyomuua. Hata hivyo, mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vitanda hivyo kundi moja na moshi wa sigara, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Uchambuzi wake wa tafiti ulionyesha kuwa kwa anayeanza kuvitumia kabla ya miaka 35, hatari ya melanoma hupanda kwa asilimia 75.

Na rangi yenyewe inayosifiwa ni nini? Mionzi ya urujuanimno ikipenya ngozini huharibu vinasaba vya seli. Ngozi hujihami kwa kutengeneza melanini zaidi, na hiyo ndiyo rangi inayojitokeza siku chache baadaye. Wanaiita afya, kumbe ngozi imeshaumia. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya madhara, lakini si yote, na yanayosalia hulimbikizana kimyakimya kwa miaka. Hapa ndipo biashara hii inaponiuma: inamuuzia kijana wa miaka 20 sifa za wiki mbili, wakati ambapo hana maumivu yoyote ya kumtahadharisha.

Australia haikukosa maonyo. Tangu 1981, mwaka aliozaliwa Clare, kampeni maarufu ilikuwa ikiwahimiza watu wavae shati, wapake losheni na kuvaa kofia. Baada ya kifo chake, jimbo la Victoria liliwakataza walio chini ya miaka 18 kutumia vitanda hivyo. Katazo hilo lisingemgusa yeye. Ndipo tarehe 1 Januari 2015 jimbo likapiga marufuku biashara nzima, na majimbo mengine nayo yakafanya hivyo. Brazil ilikuwa imetangulia mwaka 2009. Naamini walifanya sawa. Uingereza hadi leo mwenye miaka 18 analipa na kulala.

Pwani yetu jua ni la bure, na wapo wanaovuka bahari kulifuata. Saa sita mchana Nungwi au Diani, wenyeji wamejibanza kwenye vivuli vya makuti. Vijana wa Kizungu wamelala kifudifudi mchangani, kamba za sidiria zimefunguliwa zisiache mstari mgongoni, ngozi inang'aa mafuta ya nazi ambayo hayazuii mionzi kwa kiasi cha maana. Siku ya tatu mabega yanabambuka. Anayewapokea wageni hawa hawakosei adabu akiwaambia wakae kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Wengi wetu melanini inatukinga sana. Vijana wenye ualbino hawana kinga hiyo: mionzi ileile huwaunguza shambani, njiani kwenda shule, gengeni, na saratani ya ngozi huwapata wengi wao wakiwa bado wabichi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili yao. Losheni ambayo mtalii anaiacha chumbani ili apate rangi, kwao ni dawa ya kila siku, sambamba na kofia pana na mikono mirefu. Basi na ipatikane kama dawa: katika kila zahanati, bila malipo, mwaka mzima.