Barabara ipanuliwe, na lugha yake ieleweke

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi. Hata hivyo, ninapotafakari barabara kuu ya Nairobi hadi Malaba, naona suala la lugha ambalo walimu na wanafunzi hatuna budi kulijadili.

Barabara hiyo hupanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit na Timboroa, kisha huteremka kupitia Burnt Forest, jirani ya Ainabkoi, hadi Eldoret. Ni njia ya shehena za kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Mnamo Novemba 2025, ujenzi wa kuipanua kati ya Rironi na Mau Summit ulizinduliwa, na serikali imetangaza nia ya kuuendeleza hadi Malaba. Kwa hiyo, mkulima wa Ainabkoi mwenye shamba kando ya njia ana haki ya kuuliza: je, langu litaguswa?

Jibu lake litaandikwa kwa lugha gani? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi ichapishe ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kutwaa ardhi. Kisha hufanyika kikao cha kuchunguza madai ya fidia, na dai huwasilishwa kwa maandishi, si baada ya tarehe ya kikao. Aghalabu ilani hizo huwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Asiyekielewa huenda akapitwa na siku yenyewe.

Ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ilani kwa Kiswahili, pamoja na maelezo kwa Kikalenjin na Kikikuyu barazani, si hisani. Ni haki ya mwananchi.

Ainabkoi kwa Kikalenjin ni mto wa mawe. Jina Eldoret nalo, kwa asili yake ya Kimaasai, husemekana kuwa na maana iyo hiyo. Majirani walitaja jambo moja kwa lugha mbili, kila mmoja akaelewa. Serikali na ifanye vivyo hivyo. Nasi walimu tuwape wanafunzi ilani moja waitafsiri, wakawasomee wazazi nyumbani kabla matingatinga hayajafika.