Milango ya Fahamu (Sehemu ya Tatu): Sikio Halizoei Kelele

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza habari za jicho, kiungo chenye kope za kujifunga na mboni inayojipunguza mwanga unapozidi. Sikio halina kope. Halifungwi mchana wala usiku, na hata mtu akiwa usingizini linaendelea kupeleka habari kwenye ubongo. Pengine ndiyo maana watu wengi huamini kwamba limepewa kinga nyingine, nayo ni mazoea. Fundi wa kuchomelea vyuma, mwendesha mashine ya kusaga unga, kondakta wa daladala na kijana asiyetoa spika masikioni wote husema kwamba kelele iliyowasumbua zamani sasa haiwasumbui tena. Nia ya makala hii ni kuonyesha, kwa kulifuata umbo la sikio lenyewe, kwamba sikio halizoei kelele. Ubongo waweza kujifunza kuipuuza, lakini sikio huendelea kuumia. Na mara nyingine kelele huacha kusumbua kwa sababu tu uwezo wa kuisikia umeshapungua.

Tuanze na umbo. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na sikio changa lenye afya hupokea mitikisiko ya kuanzia mara 20 hadi mara 20,000 kwa sekunde. Sikio la nje huikusanya na kuipitisha kwenye mfereji wa sentimita mbili na nusu hivi, hadi kwenye kiwambo. Nyuma ya kiwambo ipo mifupa mitatu iliyoungana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita 3 hivi, na hakuna mfupa mdogo kuliko huo katika mwili mzima. Kazi ya mifupa hii yaeleweka tukikumbuka kwamba sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani ikigonga maji karibu yote hurudi ilikotoka. Eneo la kiwambo linalotikisika ni takribani mara 17 ya unyayo wa kikuku, kwa hiyo mgandamizo huongezeka, kama nguvu inayotua kwenye kichwa kipana cha msumari inavyokusanyika kwenye ncha yake. Hapa tayari tunapata ushahidi wa kwanza: chombo hiki kimeumbwa ili kuikuza sauti hafifu. Kuipunguza sauti kubwa si kazi kilichoumbiwa.

Ushahidi wa pili umo ndani zaidi, kwenye koklea, mrija uliojisokota kama mizunguko miwili na nusu, ambao ungenyooshwa ungefika milimita 35 hivi. Ndani yake umetandazwa utando ambao ni mwembamba na mkakamavu mwanzoni, kisha hupanuka na kulegea kuelekea mwisho. Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba kila sauti hutikisa zaidi sehemu yake ya utando huo: sauti nyembamba mwanzoni, sauti nzito mwishoni. Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo. Zile za ndani, kama 3,500, ndizo zinazoupasha ubongo habari. Zile za nje, kama 12,000, hurefuka na kufupika ili kuukuza mtikisiko. Vinyweleo vikiinama, vijia vidogo hufunguka, chembe za potasiamu huingia, na ishara ya umeme huelekea kwenye neva. Hiyo ndiyo akiba yote tunayozaliwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba kuku aliyepoteza seli hizi huotesha nyingine. Binadamu hana uwezo huo, na hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuziotesha.

Mtu anaweza kusema kwamba kinga ipo. Ni kweli kwamba kuna msuli mdogo ulioshikamana na kikuku, nao hukaza sauti inapokuwa kubwa. Lakini msuli huo huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mlio wa bunduki au fataki huwa umekwisha kupita. Huzuia zaidi sauti nzito kuliko nyembamba, na kelele ikiendelea kwa muda mrefu huchoka. Mwingine atasema kwamba baada ya sherehe yenye muziki mkubwa masikio huvuma, kisha asubuhi hali hurudi kama kawaida, basi sikio limepona. Hoja hii ilikubalika kwa miaka mingi hata kwa wataalamu. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya panya waliopigiwa kelele. Uwezo wa panya hao kusikia sauti ndogo ulirudi, lakini sehemu kubwa ya viungio kati ya seli za ndani na neva ilikuwa imepotea moja kwa moja. Panya si binadamu, na kipimo kamili cha hasara hiyo kwetu kingali kinachunguzwa. Hata hivyo, matokeo hayo yanatosha kutuzuia tusiuchukulie uvumi unaotoweka kuwa ushahidi wa kupona.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba kusikia hupungua kwa uzee, kelele iwepo au isiwepo. Ni kweli umri una sehemu yake, lakini hauelezi kila kitu. Mwaka 1962 daktari Samuel Rosen na wenzake walichapisha vipimo vya Wamabaan wa Sudan, watu walioishi katika vijiji vitulivu mno. Wazee wao walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko Wamarekani wa rika lao. Wakosoaji walikumbusha kwamba chakula, hali ya mishipa ya damu na ugumu wa kuhakikisha umri vingeweza kuchangia tofauti hiyo, na ukosoaji huo ni wa haki. Lakini kelele huacha alama yake yenyewe. Hasara yake huanza karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde, ilhali ile ya uzee huanzia kwenye sauti nyembamba kabisa. Eneo hilo ndilo linalotusaidia kutambua konsonanti hafifu kama s, f na sh. Kwa hiyo aliyeathirika husikia kwamba anasemeshwa, ila maneno hayaelewi, naye huwalaumu wenzake kwa kutosema waziwazi.

Kwa nini basi udanganyifu wa mazoea una nguvu hivi? Ni kwa sababu maumivu huja kwa kuchelewa mno. Sikio huanza kuuma sauti inapofika desibeli 120 hivi, lakini madhara huanza kujilimbikiza kuanzia desibeli 85 kwa anayekaa nazo saa 8 kila siku. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Kati ya 85 na 120 mtu anaumia bila kuhisi. Hivyo haifai kulifanya sikio shahidi wa usalama wake lenyewe, wala kumwacha mfanyakazi aamue kwa hisia zake. Kipimo kitoke nje: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa urefu wa mkono akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru. Mwenye karakana atoe vizibo vya masikio vinavyoziba sawasawa, maana pamba haitoshi, na fundi apewe zamu za kupumzika mbali na mashine. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti kwa seli zilizobaki. Hakiwezi kuzirudisha zilizokufa. Kuzilinda zikingali hai ndiyo njia pekee ya kubaki nazo.

Wiki ijayo tutabaki ndani ya sikio, tuitazame mifereji mitatu inayotuwezesha kusimama bila kuyumba.