Huduma Ziko Mtandaoni, Watu Wako Saiba

Kijana wa Msambweni anayetafuta kazi ya hoteli Diani huambiwa alete cheti cha tabia njema. Hukiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hulipa shilingi 1,050 kwa simu, kisha huenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, maana vidole bado havitumwi kwa mtandao. Ndivyo utaratibu ulivyoandikwa. Mtaani, anayejaza fomu ni kijana wa saiba, yaani duka la intaneti. Ndiye anayejua pa kubonyeza, ndiye mwenye printa, na mara nyingi huikumbuka nywila ya mteja kuliko mteja mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, lakini mzee asiyeona vizuri maandishi ya simu atamficha vipi nywila yule anayemsaidia?

Mtalii anayefikia hoteli hiyohiyo hana shida hiyo. Tangu Januari 2024 huomba kibali cha kuingia Kenya akiwa kwao, akalipa kwa kadi, akapanda ndege.

Mipango haikukosekana. Mpango Mkuu wa Kidijitali wa Kenya wa 2022 hadi 2032 uliahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba, sehemu 25,000 za Wi-Fi ya umma na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kila wadi. Kaunti ya Kwale, zilipo Msambweni na Diani, ina wadi 20, kwa hiyo fungu lake ni vituo 20. Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingia eCitizen. Hesabu ya huduma ni rahisi kuitangaza. Hesabu ya waliozipata bila kumlipa mtu wa katikati sijaisikia ikitangazwa jukwaani.

Umoja wa Afrika, katika mkakati wake wa 2020 hadi 2030, ulikwenda mbali zaidi: asilimia 99.9 ya Waafrika wawe na utambulisho halali wa kidijitali ifikapo 2030. Hapo angalau pameguswa mzizi, kwa sababu eCitizen humwanzia mtu mwenye kitambulisho tayari. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji na kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walikaa miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. eCitizen ilikuwa na miaka miwili walipofunga safari ile. Wapemba wa Pwani ya Kenya walingoja hadi 2023.

Huduma Namba nayo, namba moja ya utambulisho iliyopangiwa foleni nchi nzima 2019, ilifikishwa mahakamani kwa sababu hizohizo: wasio na hati wangeachwa nje, na data za watu hazikuwa na ulinzi wa kutosha. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haijafika hata hapo pa kushtakiwa kwa kufanya haraka. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, na tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Umoja wa Ulaya ukipitisha kanuni, kama ile ya 2018 ya lango moja la huduma mtandaoni, inawafunga wanachama wote. Kwetu kila nchi hujiunga ikipenda na itakapopenda. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni jambo la mikutano ya Arusha. Kwa Mdigo wa Vanga mwenye shangazi upande wa Tanga, ni hati ya kusafiria ya kuombwa kwanza kwenye eCitizen, na ya kulipiwa, ili aende msibani pale ng'ambo ya Lunga Lunga. Saiba ikiwa imefungwa, maiti itazikwa hajafika.