Je, Wajua? Hata Boti Iliyotembea Kidogo Huumizwa na Baridi

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo inatosha kupasua injini ya chuma. Ndiyo maana huko Michigan na Minnesota, Marekani, ambako maziwa huganda, wenye boti huzipandisha nchi kavu mapema na kutoa maji yote yanayopoza injini. Mashine ya kupachika nyuma ina nafuu: ukiisimamisha wima, maji hujitoa yenyewe. Iliyojengewa ndani ya boti ndiyo ya kuogopwa.

Wengi hudhani boti iliyotoka mara chache haina haja ya kubadilishwa oili. Sivyo kabisa! Safari fupi fupi haziipi injini nafasi ya kupata moto sawasawa, hivyo unyevu na mabaki ya petroli hubaki ndani ya oili, na miezi yote ya baridi huendelea kula vyuma polepole. Oili ya gia nayo ichunguzwe. Legeza skrubu ya chini, kinga matone machache: yakiwa meupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili. Tengeneza sasa, usingoje joto lirudi, maana maji hayo yakiganda yatapasua nyumba ya gia.

Betri ijazwe chaji kabla ya kuhifadhiwa. Iliyoishiwa chaji huweza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Iliyojaa hustahimili baridi kali zaidi ya hiyo mara kadhaa.