Kazi moja, majina mawili, mishahara miwili

Kwetu Oicha tumezoea kusikia ndege zinazoshuka Mavivi. Juzi mdogo wangu aliniuliza: "Dada, mwanaume anayetumika ndani ya ndege, naye anaitwa hôtesse?" Nilicheka, kisha nikakosa jibu la haraka.

Kwa Kiswahili swali hilo halizuki. Mhudumu wa ndege ni mhudumu, awe mwanamke au mwanaume, kwa sababu ngeli ya m-/wa- haiulizi jinsia. Kifaransa kimezoea kutenganisha: hôtesse de l'air ni mwanamke, steward ni mwanaume. Tukiwa wanafunzi wa lugha tunaweza kudhani hiyo ni sarufi tu. Historia ya Sabena, shirika la Ubelgiji lililorusha ndege hadi Kongo tangu enzi za ukoloni, inaonyesha zaidi.

Gabrielle Defrenne aliingia Sabena mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa ileile ya wenzake wanaume, lakini kwa miaka kadhaa alilipwa kidogo kuliko wao. Tena mkataba wake ulisema kazi itakoma akifikisha miaka 40. Wanaume hawakuwekewa kikomo hicho. Mwaka 1968 alitimiza umri huo, akaachishwa.

Alienda mahakamani. Mwanasheria wake, Éliane Vogel-Polsky, alishika kifungu cha 119 cha Mkataba wa Roma wa 1957, kinachodai malipo sawa kwa kazi sawa. Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mfanyakazi anaweza kudai haki hiyo moja kwa moja mbele ya hakimu wa nchi yake. Lakini mwaka 1978, kuhusu kuachishwa akiwa na miaka 40, alishindwa: mahakama ilisema kifungu hicho kinahusu malipo, si umri wa kuacha kazi.

Je, lugha isiyotenga jinsia ingemlinda? Sidhani. Sisi tunaosema Kiswahili na Kinande tuliishi chini ya Kanuni ya Familia ya 1987. Kifungu chake cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria kwa jambo atakalolitimiza yeye mwenyewe. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya mwaka 2016. Kwa miaka karibu 30, neno "mfanyakazi" liliwahusu wote wawili, lakini mmoja tu ndiye aliyehitaji kuomba ruhusa.

Kwa hiyo, wenzangu, tunapotafsiri mkataba au tangazo la kazi, tukikuta majina mawili tuulize kama masharti nayo ni mawili. Tukikuta jina moja, bado tusome masharti.

Mdogo wangu nilimjibu: "Yeye ni mhudumu, kama mwenzake." Akauliza tena: "Na mshahara wao ni sawa?"