Uzito, Uvutano na Wakati: Suala la Maana na la Kipimo

Neno "uvutano", kama litumikavyo katika madarasa yetu, limetwikwa maana zaidi ya moja. Makala haya yanakusudia kuzitenga maana hizo, kwani pasipo kuzitenga hatuwezi kuuliza kwa Kiswahili swali moja kubwa la fizikia: je, uvutano una nguvu zile zile leo ulizokuwa nazo mabilioni ya miaka iliyopita?

Tuchukue mfano wa Nairobi. Katikati ya mji huu ni kiasi cha mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Atokaye hapo akaifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi hadi Dagoretti Corner huwa amepanda zaidi ya mita 100. Kwa kuwa amejitenga zaidi na kitovu cha dunia, mzigo alioubeba umepungua uzito, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Mchuuzi wa Kawangware mwenye mizani ya mawe hawezi kuugundua upungufu huo hata kidogo, maana mawe yake nayo yamepungua uzito vivyo hivyo. Mizani ya springi, ikiwa sahihi vya kutosha, ingeuonyesha, kwa sababu nguvu za springi hazitokani na uvutano.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, kilichopungua ni uzito. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba nguvu za kuvutana kwa vitu viwili hutegemea wingi wa maada iliyomo ndani yake na umbali ulio baina yake. Zaidi ya hayo kuna kiasi kimoja kilicho sawa kila mahali, ambacho safari ya Dagoretti haikigusi. Pili, kitu hakipimiki kwa kipimo kinachobadilika pamoja nacho.

Kiasi hicho tukiiteje? Tukiziiga lugha za Ulaya tutakiita "kisichobadilika". Lakini jina hilo linatoa hukumu kabla ya shahidi kusikilizwa. Tunapendekeza "kima cha uvutano", kwa kuwa neno "kima" limekwisha kuzoeleka katika "kima cha chini" cha mshahara, na kima chaweza kupanda, kushuka, au kubaki palepale.

Mwaka 1937 Mwingereza Paul Dirac alitoa wazo kwamba kima hicho hupungua kadiri ulimwengu unavyozeeka. Umri wa ulimwengu ukiwa miaka bilioni 13.8 hivi, upungufu wa leo ungalikuwa sehemu kama 7 katika bilioni 100 kila mwaka. Mwaka 1948 Edward Teller alilipinga wazo hilo. Kama uvutano ungalikuwa mkubwa zaidi zamani, alisema, jua lingaliwaka kwa ukali zaidi na dunia ingalikuwa karibu nalo zaidi. Bahari zingalikaribia kuchemka katika zama ambazo miamba inashuhudia kuwa zilikuwa na viumbe hai.

Kipimo kilicho bora kilipatikana baada ya Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 walipoacha mwezini vioo vya kurudisha mwanga. Miali ya leza hupelekwa kutoka duniani, ikarejea baada ya sekunde 2.5 hivi, na muda huo hupimwa kwa saa ya atomi. Hapa mwezi ni mfano wa ule mzigo, kwa kuwa mzunguko wake hutawaliwa na uvutano. Saa ya atomi ni mfano wa springi, kwa kuwa mwendo wake hautokani na uvutano. Imeonekana kwamba mwezi hujitenga nasi sentimita 3.8 hivi kila mwaka, lakini hayo ni matokeo ya kujaa na kupwa kwa bahari. Athari hiyo ikishatengwa, badiliko la kima cha uvutano halionekani. Kama lipo, halifiki sehemu 1 katika bilioni 1,000 kwa mwaka. Wazo la Dirac, kwa sura aliyolipa yeye, limeshindwa.

Basi mwanafunzi asemapo "uvutano umepungua", hapana budi aulizwe: ni uzito au ni kima? Ni kwa mahali au kwa wakati? Na umepimwa kwa mawe au kwa springi? Maswali haya hayahitaji lugha ya kuazima. Yanahitaji tu kwamba sisi tunaounda istilahi tusiyafiche mambo mawili chini ya neno moja.