Tusimcheke aliyedanganywa

Mwezi wa Januari 2025, televisheni TF1 ya Ufaransa ilionyesha habari ya mwanamke mmoja. Wezi walimwandikia katika intaneti, wakijifanya Brad Pitt, mchezaji wa sinema wa Marekani. Aliwasadiki, akapotewa na Euro 830,000. Watu walimcheka vikali, hata televisheni ikaiondoa habari ile.

Wengi husema juu ya watu kama huyo: «Ni mjinga, amejitakia.» Je, ni kweli? Tuangalie kazi ya wezi hao. Kwanza hawaombi feza. Huandika kila siku, miezi mingi, wakiuliza habari za usingizi na za huzuni ya mtu. Moyo wake ukiisha kufungwa, ndipo shida zinapokuja: mara hospitali, mara ushuru wa forodha. Tena humkataza asimwambie mtu.

Kicheko chetu chawasaidia wezi. Aliyeibiwa anaona haya, ananyamaza, hashitaki. Na yule anayeanza kunaswa anaogopa kuomba shauri.

Basi, mtu akiwajia na shida hii, msianze kumwuliza: «Kwa nini ulisadiki?» Msikilizeni mpaka mwisho. Kisha mwambieni asitume feza tena, atunze maandiko yote, apashe habari benki na polisi. Ajihadhari pia na wanaoahidi kumrudishia mali yake kwa malipo: mara nyingi ni wezi walewale.

Kudanganywa si dhambi. Dhambi ni kudanganya. Wazee walisema: hujafa, hujaumbika.